Anayetangulia na Anayejitoa

(Hotuba mbele ya wanafunzi, watumishi wa umma na wafanyabiashara wa mipakani, Arusha)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mliopo, ndugu wafanyabiashara mliofunga maduka kule Namanga na Holili mkaja kunisikiliza, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu umoja na kanuni za pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mada ni kubwa, na mimi nimepangiwa saa ya baada ya chakula cha mchana. Nitaipunguza. Nitasema juu ya kipengele kimoja cha Mkataba wetu ambacho kila serikali hukikumbuka inapobanwa, na jinsi tulivyokigeuza kuwa shuka la kujifunika kila tusipotaka kutimiza tuliyoyasaini.

Mkataba ulisainiwa hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Marais Moi, Museveni na Mkapa. Ibara ya 7 inataja misingi ya kuendesha Jumuiya. Mmojawapo unaruhusu baadhi ya nchi wanachama kusonga mbele haraka kuliko wenzao katika maeneo mbalimbali, huku lengo likibaki la wote. Kasi tofauti, safari moja. Karibu yake utakuta mgawanyo wa haki wa faida, na utakuta pia kukubali kwamba uchumi wa nchi hizi haulingani. Walioandika hayo hawakuwa watu wa ndoto. Walikuwa wameshaizika Jumuiya moja.

Hebu turudi kwenye msiba huo kidogo, kwa sababu vijana wanahadithiwa vibaya.

Jumuiya ya kwanza ilitokana na mkataba uliosainiwa Kampala mwezi Juni 1967, ikaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Ilikuwa na vitu ambavyo leo tunavisoma kama hekaya: shirika moja la ndege, shirika moja la reli, bandari zote chini ya shirika moja, posta na simu za pamoja. Tumezoea kuambiwa kwamba ilikufa kwa sababu Kenya ilinufaika kuliko wengine, na kwa sababu ujamaa wa huku na ubepari wa kule haviwezi kukaa chungu kimoja. Sikatai, yote mawili yalikuwepo. Lakini kuhusu biashara, mkataba ule haukuwa mgumu hata kidogo. Ulikuwa na kitu kinaitwa kodi ya uhamisho. Nchi iliyouziwa bidhaa nyingi za viwandani na mwenzake kuliko ilizomuuzia, yaani Tanzania na Uganda mbele ya Kenya, iliruhusiwa kuzitoza kodi baadhi ya bidhaa hizo ili kiwanda chake kichanga kipate pumzi. Na ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka: kodi isizidi nusu ya ushuru ambao bidhaa ya aina hiyo ingelipa ikitoka nje ya Jumuiya, na isidumu zaidi ya miaka minane. Mtu anayesema kwamba waasisi wetu walidhani nchi tatu zinaweza kwenda mguu kwa mguu hajausoma mkataba ule.

Palipokuwa pagumu ni juu kabisa, kwenye meza ya uamuzi. Mamlaka ya Jumuiya ilikuwa marais watatu, Kenyatta, Nyerere na Obote, na jambo halikupita mpaka wote watatu wakubaliane. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Mwalimu akakataa kukaa meza moja na Amin. Ningekuwa mimi ningekataa vilevile, kwa hiyo msinielewe kwamba namlaumu. Nasema tu kilichofuata. Mamlaka ile haikukutana tena. Kwa miaka sita mashirika yenye ndege, vichwa vya treni, meli na maelfu ya wafanyakazi yaliendeshwa bila kikao cha juu chenye uwezo wa kumaliza ugomvi. Fedha zikaacha kutumwa makao makuu ya mashirika, kila mmoja akimtuhumu mwenzake. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikakaa chini. Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukafunguliwa 1983. Mali na madeni yakaja kugawanywa Mei 1984, baada ya Mswisi mmoja, Victor Umbricht, kusuluhisha kwa miaka. Tulihitaji mgeni wa kutuhesabia mabehewa yetu.

Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, pale Kampala, ilinusurika. Ilipewa hati yake mpya mwaka 1980 na ikaendelea kukopesha. Chuo cha urubani cha Soroti nacho kilibaki. Ndiyo kusema palikuwa na taasisi zilizoweza kupumua hata marais waliponuniana.

Sasa tazameni ajabu ya 1999. Watu waliojua vizuri kwamba Jumuiya ya kwanza ilikwama kwenye sharti la kukubaliana wote, walilirudisha sharti hilo hilo. Ibara ya 12 inasema maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi yatafikiwa kwa maridhiano. Baraza la Mawaziri nalo hivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu hofu ilikuwa bado mbichi. Hakuna nchi iliyokuwa tayari kushindwa kwa kura na mbili zilizobaki. Nami naona walikuwa na haki ya kuogopa. Ila ili chombo kisikwame tena, wakaweka ile kanuni ya kasi tofauti: asiyekuwa tayari asiwafunge wenzake mikono, na wenzake wasimburute.

Je, mambo haya mawili yanapatana? Kama lazima wote waridhie, mnawezaje tena kusema wengine watangulie? Mwaka 2008 Baraza la Mawaziri lilipeleka swali hilo katika Mahakama ya Afrika Mashariki kuomba ushauri. Majibu yalitoka Aprili 2009. Nawasihi wanafunzi wa sheria wayasome yote, maana sijui kama kuna maandishi mengine ya Jumuiya yenye akili kama yale. Kwa maneno yangu: Mahakama ilisema maridhiano hayana maana ya kila mmoja kupiga kura ya ndiyo. Ikasema kasi tofauti ni njia ya kutekeleza uamuzi uliokwisha fikiwa, haigeuki kuwa njia ya kufikia uamuzi. Na ikaeleza kwamba kanuni hii inampa nafasi yule asiyeweza kutekeleza leo atekeleze katika wakati ujao unaojulikana, huku anayeweza akianza sasa.

Wakati ujao unaojulikana. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Maana tangu 2009 tumeitumia kanuni hii kwa mambo mawili yasiyo na undugu. Lipo la kutangulia: wote tumekubaliana tuendako, mimi nina nauli leo, wewe utanifuata. Na lipo la kujitoa: tulikubaliana jana, leo sitaki tena, na sisemi ni lini nitataka. La kwanza limo katika Mkataba. La pili halimo. Lakini katika taarifa za vikao yote mawili huandikwa kwa lugha ile ile tamu, na mtu wa forodha pale mpakani ndiye anayebaki kutafsiri.

Nitoe mfano wa lilivyofanyika vizuri, kwa sababu tumezoea kujisema vibaya tu. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza. Zile za Kenya zilizoonekana ni tishio ziliendelea kutozwa ushuru kuingia Tanzania na Uganda. Kwa Tanzania zipo zilizoanza na asilimia 25, zikapungua kwa asilimia 5 kila mwaka. Januari 2010 ushuru huo ukafika sifuri. Mwenye kiwanda Dar es Salaam alijua tangu 2005 kwamba ana miaka mitano ya kununua mashine mpya au kufunga, na wa Nairobi alijua ni lini mlango utafunguka. Kenya ilikubali kuumia kidogo, kwa muda, kwa hesabu iliyokuwa wazi. Sisi tulipewa upendeleo na tulijua siku utakapokwisha. Sikumbuki mtu akiandamana.

Halafu ikaja 2013. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana zenyewe, mkutano wa kwanza Entebbe mwezi Juni, kuhusu reli, mafuta, umeme, viza moja ya utalii na kusafiri kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Magazeti yakawaita walio tayari. Huku kwetu ilipokelewa kama talaka. Rais Kikwete alilazimika kulihutubia Bunge Dodoma mwezi Novemba na kulieleza taifa kwamba Tanzania haitoki.

Miaka imepita, tunaweza kulitazama jambo lile bila hasira. Kitambulisho: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walianza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho mwanzoni mwa 2014, na mbingu haikuanguka. Sisi tulisema bado, vitambulisho vya taifa havijawafikia watu wetu. Hoja ilikuwa ya kweli wakati ule. Kosa letu, naona mimi, ni kwamba hatukusema mpaka lini. Viza ya pamoja, dola 100 kwa mtalii anayezunguka nchi tatu, bado ipo, na wenye hoteli wa hapa Arusha wanajua wageni wangapi wamewapita. Gharama za kupiga simu kati ya nchi zile zilishuka. Hapo walio tayari walitangulia kama Mkataba unavyotaka, na walifanya la maana.

Kwenye miundombinu mambo yalikwenda kwingine. Reli ya kisasa ya Mombasa ilifika Nairobi 2017, halafu Naivasha, na kwa miaka ikaishia hapo, mbali na Malaba, mpakani na Uganda. Uganda ambayo ingepitisha mafuta yake Kenya, mwaka 2016 ilichagua bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga. Rwanda ikaanza kutazama reli ya Isaka, huku Tanzania. Tanzania na Burundi zikashikana mikono kwenye reli ya Uvinza hadi Musongati. Wale walio tayari wa 2013 hawakuwa tena wale wale wa 2016, na hilo lilinipa faraja kuliko hotuba zozote. Nchi zikiruhusiwa kuchagua mshirika kwa kazi, bila kuchagua adui, kesho zinaweza kuchagua upya.

Ubaya wa 2013 ulikuwa kwenye mwaliko. Mikutano ilifanyika nje ya vyombo vya Jumuiya, na Arusha, makao makuu ya Jumuiya, ilipata habari kama sisi wengine, magazetini. Kundi dogo likikutana ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi na mwandishi wa Sekretarieti akiwa pembeni, asiyekuwepo anajua amekosa nini na ataingiaje. Likikutana uani, hata likizungumza mambo mema, wengine wataamini linawazungumza wao.

Nije kwenye mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, kwa sababu hapa ndipo kanuni yetu ilipopimwa kweli. Tulijadiliana kama kambi moja na mazungumzo yakakamilika Oktoba 2014. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imeshaonja uchungu: tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo maua yake yaliingia Ulaya kwa kulipiwa ushuru mpaka karibu na Krismasi. Kenya peke yake. Kwa nini? Kwa sababu sisi wengine tumo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na bidhaa za nchi hizo huingia Ulaya bure, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Tanzania ikakataa, na ilikuwa na sababu: viwanda vyetu, mapato ya forodha, na Uingereza iliyokuwa imeamua kuondoka. Umoja wa forodha ukitaka kufungua soko lake lazima ulifungue wote kwa pamoja, kwa hiyo saini ya Kenya bila yetu haikutosha.

Tukakaa hivyo zaidi ya miaka minne. Sisi hatukupoteza kitu kwa kusubiri. Mwenye shamba la maua Naivasha ndiye aliyekuwa akilala na wasiwasi. Februari 2021 Wakuu wa Nchi wakaamua kwamba anayetaka aendelee kwa kanuni ya kasi tofauti. Kenya ikasaini wa kwake Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Wapo wanaosema huo ulikuwa usaliti wa umoja. Mimi nasema umoja ulioteteresha ajira za mwenzako kwa miaka minne bila kumfidia hata senti ndio uliokuwa na kasoro. Ila deni limebaki. Bidhaa ya Ulaya ikiingia Mombasa kwa ushuru nafuu, ikapakiwa lori hadi Namanga, nani ataitambua? Lazima ikaguliwe na idaiwe cheti cha uasili, kinachoonyesha imetengenezwa wapi. Tulipomruhusu mmoja atangulie, tulirudisha ukaguzi mpakani, na gharama hiyo hatukuigawana. Anailipa mwenye lori.

Mitumba ndiyo kinyume chake, na inanisikitisha kuliko yote. Machi 2016, hapa Arusha, wakuu wote waliamua kwa kauli moja kuijenga sekta ya nguo na ngozi na kuachana na nguo kuukuu ndani ya miaka michache. Rwanda ikapandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu. Mwaka uliofuata Marekani ikasema mkiendelea tutapitia upya nafasi yenu katika AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo za kupeleka Marekani, ikarudi nyuma kwanza. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda haikurudi, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Aliyetekeleza uamuzi wa wote aliadhibiwa peke yake, na sisi wengine watatu tukanyamaza. Hapo hatukuitaja kanuni yoyote ya kasi tofauti. Tulijitoa tu, kila mtu kwa mlango wake.

Mnaweza kubishana kama uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Mama anayeuza mitumba soko la Karume, Dar es Salaam, ana la kusema, na anastahili kusikilizwa. Lakini ukishaamua kwa pamoja, mwenzako akaadhibiwa kwa kutii, unadaiwa.

Jamani, wanawake wa vikundi vya upatu wanalijua hili kuliko mawaziri. Mwanachama akifiwa, anaruhusiwa kuruka mzunguko. Inaandikwa kwenye daftari: fulani hakutoa mwezi huu, atatoa mara mbili mwezi ujao, na zamu yake ya kupokea inasogezwa. Hakuna anayemchukia. Anayeleta balaa ni yule anayeacha kutoa huku zamu yake ameshaila.

Daftari letu liko wapi? Lipo. Linaitwa Gazeti la Jumuiya, na ndiko kwenye ugonjwa wa kila mwaka. Ushuru wetu wa pamoja kwa bidhaa za nje ulianza na viwango vitatu, asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 tukaongeza cha nne cha asilimia 35 baada ya mabishano ya miaka. Zipo pia bidhaa nyeti zenye ushuru mkubwa zaidi. Sasa, kila mwaka kabla ya bajeti, mawaziri wa fedha hukutana, na kila nchi huleta orodha yake: bidhaa hii naomba nisitumie ushuru wa pamoja kwa mwaka mmoja, hii nipandishe, hii nishushe. Wanakubaliana, inachapishwa. Mwaka mmoja ukipita, orodha inarudi.

Chukueni mchele. Ushuru wa pamoja wa mchele kutoka nje ni asilimia 75, au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Umewekwa mkubwa hivyo ili mkulima wa Kyela, wa Mbarali, wa Mwea na wa Bugarama awe na soko. Lakini Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiomba na kupewa kutumia asilimia 35, na mchele wa Pakistan unaingia Mombasa kwa bei ambayo mkulima wa Mbarali haiwezi. Rwanda nayo imetumia 45. Wana sababu zao, na ni nzito: watu wa mijini wanakula wali na mashamba yao hayatoshi. Swali langu ni moja. Ruhusa ya mwaka mmoja iliyohuishwa mwaka baada ya mwaka ni ya muda gani? Mwaka 1967 tulikuwa na sheria inayosema miaka minane basi. Mwaka 2005 tulisema mitano basi. Leo tunasema mmoja, na maana yake ni milele.

Na sisi Watanzania tusijifanye malaika. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: duka la rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na nyinginezo. Kilio kilichozaa amri ile kilitoka Kariakoo, na kilihusu wafanyabiashara kutoka mbali, Wachina hasa. Lakini amri iliandikwa kwa wasio raia wote. Kwa hiyo Mkenya mwenye saluni Moshi akajikuta kwenye sentensi moja na mtu aliyevuka bahari. Kenya ikalalamika, ikitukumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja tuliyoisaini Novemba 2009. Kulikuwa na ugumu gani kuongeza mstari mmoja juu ya raia wa nchi wanachama? Kama tulikusudia kuwahusisha, tungesema Arusha, mapema, kwa sababu na kwa muda. Mwaka 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, tulipiga kelele kwamba hatukushirikishwa. Tulikuwa na haki. Haki hiyo hiyo ndiyo tuliyowanyima wao.

Wengi hupenda kuniuliza kuhusu Ulaya. Nitapita haraka. Uingereza ndiyo iliyokuwa na misamaha mingi kuliko wote kule: haikutumia sarafu ya euro, haikuondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani, na ilirudishiwa sehemu ya mchango wake. Ikatoka Januari 2020. Denmark ilipewa misamaha baada ya wananchi wake kuukataa mkataba wa Maastricht mwaka 1992. Juni 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, wananchi hao hao walipiga kura kuufuta msamaha wa ulinzi. Msamaha wa Denmark ulikuwa mdogo, unajulikana, na mlango wa kurudi ulikuwepo. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu yote.

Sasa tuko nchi nane. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Watu waliofikiri kasi tofauti ni suala la Tanzania na Kenya kuvutana kuhusu vifaranga vya kuku, wafikiri upya. Kongo iko pia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kama sisi. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziko COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa takriban miaka mitatu, 2019 hadi 2022, na vyombo vyetu havikuweza kuufungua. Ulifunguliwa kwa mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe. Kigali na Kinshasa mnajua yaliyopo. Ukisema maridhiano ya nchi nane katika hali hiyo, unaweza kurudi 1971 asubuhi yoyote: rais mmoja hataki kumwona mwingine, na bajeti ya maabara ya kupima mahindi inasubiri.

Kwa hiyo naungana na wanaosema mambo ya kitaalamu yaamuliwe kwa kura. Kiwango cha sumukuvu, fomu ya forodha, uzito wa lori kwa ekseli. Theluthi mbili ya nchi zikikubali, ipite. Vita, uanachama, katiba ya shirikisho, ardhi, hayo yabaki kwa maridhiano, tena Itifaki ya Soko la Pamoja yenyewe imeacha ardhi chini ya sheria za kila nchi, na ilikuwa busara. Najua hoja hii haipendwi Dodoma. Haipendwi Kampala pia.

Kuhusu misamaha, ningependa kila inayoombwa iandikwe mwaka wake wa mwisho, na ikihuishwa zaidi ya mara tatu ihamie kwa Baraza zima la Mawaziri, mwombaji aje na maelezo ya hasara inayowapata majirani. Wa mchele awepo kikaoni. Mkulima, sio mwakilishi wa mkulima.

Nimalizie na sarafu, maana ndiyo inayokuja. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Tulisema sarafu moja ifikapo 2024. Sasa tunasema 2031. Masharti yapo: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Itifaki inaruhusu nchi tatu zilizotimiza masharti zianze. Huko ndiko kutangulia kwa herufi kubwa. Kama tatu hizo zitakuwa Kenya, Tanzania na Uganda, mfanyabiashara wa Bujumbura anayenunua saruji Kigoma atalipa kwa sarafu ambayo benki kuu ya nchi yake haina kiti katika kuisimamia. Wa Goma naye hivyo hivyo. Nimetafuta katika mipango inayozungumzwa hadharani mahali panapoeleza wale watano watasaidiwaje kufika, kwa fedha za nani, na watakaguliwa kila baada ya muda gani. Tuna muda wa kuliandika hilo sasa, wakati hakuna anayejua kwa uhakika kama atakuwa ndani au nje. Siku majina matatu yakijulikana, hakuna atakayekubali kuandika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Nashukuru. Niko tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wale ndugu wa Namanga, kwa sababu lori lao bado liko foleni.